Kuteleza, Kuruka na Kusaga: Utambuzi wa Hitilafu za Gia za Ndani ya Kitovu cha Baiskeli ya Umeme katika Vilima vya Giheke

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua hitilafu za gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la baiskeli ya umeme, kwa kuzingatia mazingira ya Sekta ya Giheke, Wilaya ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda. Hoja yake ni kwamba utambuzi huanza katika maneno ya mwendeshaji. Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautisha kwa uwazi kuteleza, kuruka, kukwama, kusaga na kulia bila kuvuta, na kila kimoja huelekeza mahali pake ndani au nje ya kitovu. Fundi anayevipokea vyote kwa jumla kuwa "gia imekufa" hufungua kitovu kizima na kuzalisha hitilafu ambayo haikuwapo. Makala yanaeleza umbo la kitovu, mzigo kinaobeba mlimani, majaribio yanayofanyika bila kukifungua, na mipaka ya kazi hiyo pale ambapo vipuri viko mbali.

Maneno muhimu: baiskeli ya umeme, kitovu, gia, mota, utambuzi wa hitilafu, istilahi za ufundi

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Kamembe kuelekea kaskazini hupita Giheke ikipanda na kushuka juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya vilima, ya mashamba ya chai ya Shagasha, ya migomba na kahawa, na ya njia za udongo ambazo mvua za Machi hadi Mei huzigeuza utelezi. Katika nchi ya namna hii baiskeli ni chombo cha kazi. Abanyonzi, kama wanavyoitwa kwa Kinyarwanda waendesha baiskeli wa kubeba abiria na mizigo, hupata riziki kwa kila safari wanayoimaliza, na siku ambayo baiskeli imelala kwa fundi ni siku isiyo na riziki.

Baiskeli ya umeme ikifika mahali kama hapa huleta ahadi kubwa, kwa kuwa mlima ndio adui wa mchukuzi. Huleta pia mashine ambayo macho hayaioni. Gia za baiskeli ya kawaida zilizo nje huonekana: cheni ikihama kutoka sproketi moja hadi nyingine, fundi huitazama na kuelewa. Gia za ndani ya kitovu zimefungwa katika chuma kama saa ya mkononi. Baiskeli nyingi za mjini zinazotengenezwa kwa soko la Uholanzi na Ujerumani zina gia za aina hii, kwa sababu hazilowi mvua na hazihitaji kusafishwa mara kwa mara. Sifa hiyohiyo inayomfurahisha mwendeshaji wa Amsterdam ndiyo inayomtia wasiwasi fundi wa Giheke: kilichofichwa kisiharibike upesi hakitambuliki upesi kinapoharibika.

Lugha nayo ina nafasi yake. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na ng'ambo ya mto Rusizi, mjini Bukavu, ndicho lugha ya soko. Chombo kilekile huitwa igare kwa Kinyarwanda, baiskeli kwa Kiswahili sanifu na kinga katika Kiswahili cha sehemu za Kongo. Mteja anaweza kueleza tatizo kwa lugha moja, fundi akalifikiria kwa nyingine, na kitabu cha maelekezo kikawa kimeandikwa kwa ya tatu. Hitilafu nyingi za ufundi huanza hapo, kabla ya nati yoyote kulegezwa.

2.0 Gia mbili katika neno moja

Mtu anaposema "gia za kitovu za baiskeli ya umeme" anaweza kuwa anataja moja ya mashine mbili zisizofanana kazi, na kuzichanganya ni chanzo cha makosa ya gharama.

Ya kwanza ni kitovu chenye gia za kubadilisha mwendo. Hiki hukaa katika gurudumu la nyuma, hupokea nguvu kutoka kwenye cheni au mkanda, na humpa mwendeshaji mwendo tofauti, tatu, saba, nane au zaidi, kwa kuvuta waya kutoka kwenye usukani. Hakina umeme wowote ndani yake. Katika baiskeli ya namna hii mota huwekwa kwenye krenki, katikati ya fremu, au katika gurudumu la mbele.

Ya pili ni mota ya kitovu yenye gia. Hapa mota yenyewe imo ndani ya gurudumu, na gia zake kazi yake ni kupunguza kasi ya mota ili nguvu ya kusokota iongezeke. Mota ndogo huzunguka upesi kuliko gurudumu. Kwa kawaida huzunguka mara nne au tano wakati gurudumu linazunguka mara moja. Mwendeshaji hazibadilishi gia hizi kamwe, na wengi hawajui kuwa zipo. Ipo pia mota ya kitovu isiyo na gia, nzito na pana, ambamo hakuna meno ya kuvunjika. Ikitoa sauti ya kusaga, chanzo ni gololi, beringi, au kitu kinachogusana ndani.

Swali la kwanza la fundi, basi, ni mota iko wapi. Ikiwa nyaya nene zinaingia katika ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu hilo lina mota. Ikiwa kinachoingia hapo ni waya mmoja wa chuma unaotoka kwenye kiteuzi cha gia, ni kitovu cha kubadilisha mwendo. Swali hili huchukua muda mfupi kuliko kutafuta spana.

3.0 Jua, sayari na pete

Ndani ya vitovu vyote viwili mna mpango mmoja wa kale ambao lugha nyingi zimeuita kwa majina ya anga. Katikati kuna gia ya jua. Kuizunguka kuna gia ndogo tatu au nne, ambazo ni sayari, zilizoshikwa katika kizimba kimoja. Nje ya zote kuna pete yenye meno upande wa ndani.

Kitovu kilichoufanya mpango huu ujulikane duniani ni kile cha mwendo tatu cha kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, kilichoanza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Aina yake ya AW, iliyotoka mwaka 1936, ndiyo iliyoenea zaidi, nayo ni mwalimu mzuri kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Jua lina meno 20, kila sayari ina meno 20, na pete ina meno 60. Jua limekazwa kwenye ekseli na halizunguki. Cheni ikiizungusha pete, kizimba cha sayari huzunguka kwa kiasi cha 60 kugawanywa kwa 80, yaani robo tatu ya mzunguko: hiyo ndiyo gia ya mlimani. Cheni ikikizungusha kizimba, pete huzunguka mara 1.33: hiyo ni gia ya mteremkoni. Katika gia ya pili cheni huzungusha kitovu moja kwa moja, na sayari hazibebi mzigo.

Jambo hili la mwisho lina thamani kubwa kwa fundi. Karibu kila kitovu kina gia moja, au iliyo karibu sana nayo, ambayo nguvu hupita humo bila kupunguzwa wala kuongezwa. Katika kitovu cha Shimano Nexus cha mwendo nane ni gia ya tano. Ya kwanza yake ni 0.527 na ya nane ni 1.615. Baiskeli ikivuta vizuri katika gia ya moja kwa moja na kusumbua katika nyingine, sayari, vikucha vyake au waya vinashukiwa. Ikisumbua katika gia zote kwa namna moja, ni busara kushuku kwanza cheni, sproketi au ushikaji wa kitovu kwa jumla.

Vikucha ni vipande vidogo vya chuma, mfano wa kucha za paka, vinavyosukumwa na springi nyembamba ili vishike meno upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki baiskeli inapojiendea yenyewe. Springi ya kikucha ni nyembamba sana, na grisi nzito ikitiwa hapo huizuia kuinuka. Mara nyingi kitovu kilichofunguliwa na "kuhudumiwa vizuri" kwa grisi ya magari huanza kuteleza siku ya pili kwa sababu hiyo tu.

4.0 Mzigo wa mlima

Chukulia mchukuzi wa kilo 65 juu ya baiskeli ya umeme ya kilo 30, nyuma amefunga mzigo wa kilo 85. Jumla ni kilo 180. Akipanda mwinuko wa asilimia 8, uzito unamvuta nyuma kwa takriban niutoni 141, na njia ya udongo huongeza nyingine 25 au zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kazi hiyo huhitaji wati 370 hivi. Mota ya wati 250, kiwango kinachoruhusiwa na sheria za Umoja wa Ulaya kwa baiskeli za kawaida za umeme, haimalizi kazi hiyo peke yake. Miguu lazima ichangie zilizobaki.

Hesabu hiyo ni ya mwendo wa utulivu, na mwendo wa utulivu hauui kitovu. Kinachokiua ni kukanyaga kwa ghafla. Mtu wa kilo 65 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali yenye krenki ya sentimita 17 hutoa nguvu ya kusokota ya takriban niutoni-mita 108. Mota ya kwenye krenki ikiongeza 60, jumla hufika 168. Ikiwa sproketi ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 22, nusu ya kiasi hicho, yaani 84, huingia katika kitovu.

Hapa ndipo Giheke inapotofautiana na Amsterdam. Mchukuzi akilalamika kuwa mlima unamshinda, fundi mwenye nia njema humwekea sproketi ndogo mbele au kubwa nyuma. Miguu hupata nafuu kweli. Lakini sproketi ya mbele ikiwa na meno 33 na ya nyuma 22, kanyago lilelile sasa hupeleka niutoni-mita 112 ndani ya kitovu. Nafuu ya miguu imelipwa na meno ya sayari. Ndiyo sababu watengenezaji huweka kikomo cha uwiano wa sproketi. Kwa vitovu vingi ya mbele haipaswi kupungua sana chini ya mara mbili ya ile ya nyuma, na kikomo hicho kiliwekwa kwa kufikiria miguu kwanza. Mota ya krenki inafanya kazi ya miguu ya mtu wa pili asiyechoka. Fundi anayepokea baiskeli iliyovunja kitovu kwa mara ya pili na ahesabu meno ya sproketi kabla ya kuagiza kitovu cha tatu.

Mota iliyo katika gurudumu la mbele haina dhambi hii, kwa kuwa nguvu yake haipiti katika cheni. Ina dhambi nyingine: juu ya udongo wa mvua, gurudumu la mbele lisilo na uzito mlimani huserereka.

5.0 Kutoka nje kwenda ndani

Uchunguzi huanzia kwenye usukani na kuishia katika kitovu. Kinyume chake ni kuchimba kisima kabla ya kuangalia kama mtungi umetoboka.

Kwanza ni waya. Waya wa gia hukaa ndani ya ala, na ala ikipinda, ikipasuka au ikiingia tope, waya husita. Kiteuzi kinasema gia ya tatu, kitovu kimebaki kati ya ya pili na ya tatu. Katika vitovu vya Shimano vya mwendo saba au nane kiteuzi huwekwa kwenye gia ya nne, kisha alama mbili za rangi zilizo karibu na sproketi hutazamwa: zikiwa katika mstari mmoja, waya uko sawa, zikiachana, skrubu ya kurekebishia huzungushwa hadi zikutane. Kisha kiteuzi hupelekwa gia ya juu na ya chini na kurudishwa kwenye nne, alama zitazamwe tena. Zisiporudi mahali pake, waya unakwama njiani, na hakuna haja ya kuzungusha skrubu zaidi.

Kitovu cha AW kinahitaji uangalifu wa pekee. Kati ya gia ya pili na ya tatu kina nafasi tupu ambamo pedali huzunguka mbele bila kushika chochote. Waya ukilegea wakati kiteuzi kiko kwenye gia ya pili, au ukikazwa mno kwenye ya tatu, kitovu huangukia nafasi hiyo. Mwendeshaji aliyesimama juu ya pedali hupoteza ngazi chini ya mguu, na wengi wamejeruhiwa hivyo. Ni kasoro ya urekebishaji ambayo huponywa kwa vidole viwili na dakika moja, lakini katika mteremko wenye magari haisamehi.

Pili ni ekseli. Malalamiko yanayosema "gia zilianza kuruka baada ya kuziba pancha" yana jibu lake ndani yake. Gurudumu la nyuma lilitolewa na kurudishwa. Pengine lilirudi mbele au nyuma kidogo, waya ukabadilika urefu. Pengine washa za kuzuia ekseli isizunguke zilibadilishana pande, au moja ilibaki sakafuni. Washa hizi zina ulimi unaoingia katika nafasi ya fremu. Zisipokaa sawa, ekseli hugeuka kidogo kila mota inapovuta, na kila inapogeuka huuvuta au kuulegeza waya. Nati zake hukazwa kwa niutoni-mita 30 hadi 45, ambao ni mkazo wa mkono thabiti kwenye spana ya kawaida, bila bomba la kurefusha. Kwa gurudumu lenye mota onyo ni zito zaidi: ekseli ikizunguka hukata nyaya zake yenyewe, na hitilafu ya shilingi chache huwa hitilafu ya mota nzima.

Tatu ni cheni na sproketi. Jaribio lake ni rahisi. Betri huondolewa. Breki ya nyuma hushikwa imara, pedali hukanyagwa kwa uzito, na jicho hutazama sproketi ya nyuma. Sproketi ikitulia huku cheni ikipanda juu ya meno, ugonjwa uko nje. Sproketi ikizunguka wakati gurudumu limesimama, ugonjwa uko ndani. Jaribio hili moja lingeviokoa vitovu vingi na spana.

6.0 Vitenzi vya mwendeshaji

Baada ya nje kuwa safi, maneno ya mwendeshaji hurudi mezani. Kiswahili hapa kimejaliwa utajiri ambao mafundi hawautumii vya kutosha.

Inateleza: pedali inaenda, baiskeli haiendi, hakuna kishindo. Mara nyingi ni vikucha visivyoinuka kwa sababu ya grisi nzito, kutu au springi iliyochoka. Katika kitovu cha AW gia inayoteleza hutaja kikucha chake. Ikiteleza katika gia ya kwanza peke yake baada ya waya kurekebishwa, vikucha vya kizimba cha sayari vinashukiwa. Ikiteleza katika ya pili na ya tatu na kushika vizuri katika ya kwanza, ni vikucha vya pete.

Inaruka: inashika, inaachia kwa kishindo, inashika tena. Hapa kuna meno au kingo zilizolika. Sehemu inayoshika iliwahi kuwa na pembe kali, sasa ni ya mviringo, na kila mzigo ukizidi inapanda na kuachia. Kuruka hakuponi kwa mafuta. Kila mruko hupunguza pembe iliyobaki, kwa hiyo mchukuzi anayeambiwa "endelea nayo kidogo" anashauriwa kununua kitovu kipya.

Inakwama: kiteuzi kinasogea, gia haibadiliki, kisha inabadilika kwa kishindo mguu unapolegea. Mara nyingi hii si hitilafu. Sehemu za ndani zilizo chini ya mzigo zimebanana, na chemchemi ndogo ya kubadilishia haiwezi kuzisukuma. Katika baiskeli isiyo na mota, mwendeshaji hulegeza mguu na gia huingia. Katika baiskeli yenye mota ya krenki, mguu hulegea lakini mota huendelea kuvuta kwa sehemu ya sekunde. Baadhi ya mifumo ina kihisi kinachoikata mota gia inapobadilishwa, mingi haina. Dawa ni mazoea: kubadilisha gia kabla ya mlima kuanza, kuacha kukanyaga, kusubiri mota inyamaze, kisha kubadilisha. Tangu mwaka 2015 siasa za Tanzania zimekuwa na msemo wa kubadili gia angani. Katika kitovu, angani ndipo mahali salama pa kubadili gia. Ardhini, katikati ya mlima, ndipo inapovunjika.

Inasaga: sauti ya mchanga ndani ya kinu, isiyokoma, inayoongezeka katika gia fulani. Ikisaga katika gia zote hata baiskeli ikisukumwa kwa mkono, gololi au njia zake zimelika, au maji yameingia. Ikisaga katika gia za sayari peke yake na kunyamaza katika ya moja kwa moja, meno yamekauka. Sauti laini ya mvumo katika baadhi ya gia ni ya kawaida, na mteja aambiwe hivyo asije akalipia ukimya ambao kitovu hakikuumbwa nao.

Nzito: baiskeli haijiendei, pedali zinasukumwa mbele zenyewe. Koni zimekazwa mno, au grisi imekauka ikawa gundi. Sababu hii ya mwisho ni ya kawaida katika baiskeli ya mitumba iliyokaa miaka katika banda la Ulaya kabla ya kusafirishwa.

7.0 Mota inayolia bila kuvuta

Mota ya kitovu yenye gia ina ugonjwa wake maarufu. Mwendeshaji hufungua nguvu, sauti ya mota hupanda kama nyuki aliyefungiwa, na gurudumu halivuti. Sayari za mota hizi kwa kawaida ni za nailoni, iliyochaguliwa kwa kuwa hupunguza kelele. Nailoni hulainika kwa joto. Mlima mrefu unaopandwa polepole sana chini ya mzigo ndio hali mbaya kuliko zote: mota inakula umeme mwingi, inazunguka kidogo, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Meno hulainika, kisha hunyolewa.

Kabla ya kufungua kuna jaribio la mkono. Mota hizi huwa na klachi ya upande mmoja inayoruhusu gurudumu kwenda mbele bila kuiburuta mota. Gurudumu likizungushwa kinyumenyume, klachi hushika na mota huzungushwa pamoja nalo, hivyo mkono huhisi uzito. Likirudi nyuma kwa wepesi uleule linaokwenda nao mbele, ama meno yamenyolewa ama klachi imekufa, na hapo ufunguzi una haki. Sayari za nailoni huuzwa kwa seti. Muhimu ni idadi ya meno, kipenyo na unene kulingana na zile za zamani, kwa kuwa zinazofanana kwa macho hazifanani kila mara kwa meno.

Ikiwa gurudumu ni zito kurudi nyuma kupita kawaida, tena kwa mikupuo, plagi ya mota hutolewa kwenye kidhibiti na jaribio hurudiwa. Uzito ukiondoka, mota ni nzima na kidhibiti kina transista iliyounguzwa inayounganisha nyaya mbili. Uzito ukibaki, tatizo limo ndani ya gurudumu. Na mota inayotetemeka wakati wa kuondoka bila kuzunguka, kama mbuzi anayevutwa kamba, kwa kawaida haina tatizo la gia hata kidogo: ni waya mmoja kati ya mitatu minene uliokatika, au vihisi vya Hall visivyotoa habari. Plagi iliyoingia maji huchunguzwa kwanza.

8.0 Kufungua, na gharama ya kufungua

Kitovu cha AW kinaweza kufunguliwa na kurudishwa na fundi makini mwenye meza safi, kitambaa cheupe na subira. Sehemu hupangwa kwa mstari kwa utaratibu zilivyotoka. Kitovu cha mwendo saba au nane ni jambo jingine. Kwa hicho watengenezaji wenyewe hupendelea mtambo wote wa ndani utolewe kama kipande kimoja, usafishwe, uchovywe katika mafuta yake maalumu, uachwe uchuruzike, kisha urudishwe. Huduma hiyo hupendekezwa kila miaka miwili, au kila kilomita 5,000 kwa baiskeli inayotumika sana. Mchukuzi wa kilomita 30 kwa siku hufikia kiwango hicho kabla ya nusu mwaka, na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya waenda ofisini havikumfikiria.

Vitabu hivyo huonya pia juu ya baridi kali inayogandisha grisi. Giheke haina theluji. Ina mvua, tope jekundu na mabomba ya kasi ya kuoshea magari. Maji yakipigwa moja kwa moja kwenye kingo za kitovu hupita vizibo ambavyo mvua ya mwaka mzima haikuvipita. Kitovu huoshwa kwa kitambaa na maji ya ndoo.

Kuhusu vipuri, umbali ni sehemu ya utambuzi. Kigali iko zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe. Bukavu iko ng'ambo ya daraja, lakini soko lake la vipuri huuza zaidi kinachoendana na baiskeli za kawaida. Katika hali hiyo kitovu kinachoruka katika gia ya kwanza na ya pili lakini kikivuta imara katika ya tano hakijafa. Waya hufungwa kikae katika gia hiyo moja, sproketi huchaguliwa upya bila kuvuka kikomo cha uwiano, na baiskeli hurudi kazini kwenye njia za tambarare hadi kipuri kifike. Mteja huelezwa wazi kuwa amepewa gia moja kwa muda, ni ipi, na kwa nini asiilazimishe mlimani. Maelezo hayo huandikwa kwenye karatasi na kufungwa kwenye fremu, kwa maneno ambayo fundi mwingine atakayeipokea baiskeli hiyo, awe wa Kamembe au wa Bukavu, atayasoma na kujua pa kuanzia: "Waya sawa. Cheni sawa. Inaruka 1 na 2, haitelezi. Haijafunguliwa."